Kichwa na Mkia

Ilifika Arua kwa lori la usiku,
imeviringishwa nailoni ndani ya sanduku
kama bibi harusi asiyetaka kuguswa.
Kijani kibichi. Vibandiko vinne. Kitufe chekundu.
Kaka yangu Dravu akapiga mluzi.
Mimi nikapiga hesabu:
milioni tatu na laki mbili,
mbuzi sita wa mama wamo humo ndani,
na karo ya muhula wa pili.

Siku ya kwanza nikaipa mkaratusi,
mti usio na kinyongo.
Mashine ikatembea.
Sisemi ilizunguka, nasema ilitembea,
ikauacha ukuta hatua kwa hatua
mpaka waya wa umeme ukaivuta sikio.

Nikaifunga kwa bolti kwenye saruji.
Basi ikaanza kuitembeza nyumba.

"Sogeza mkia," alisema Ocitti, fundi wa pampu,
"polepole, mpaka ncha yake iibusu ncha ya kichwa."
Nikasogeza.
Zikapishana kama watu wanaodaiana
wakikutana sokoni,
huyu anatazama kushoto, yule juu kidogo.
Upana wa punje ya simsim, si zaidi.
Lakini mpe mkerezaji punje hiyo
katika miguu arobaini ya vitanda vya bweni
uone matroni atakavyorudisha vitanda kumi
huku wasichana wakicheka nyuma yake.

Nikampigia muuzaji, Kampala.
"Zote ziko hivyo."
Zote ngapi?
"Zote."
Nikatuma picha. Akajibu kwa kidole gumba.
Nikautuma mkia wenyewe, kwa basi, ndani ya gunia la mihogo.
Siku ya kumi na tisa akaniletea mwingine,
rangi ile ile, kibandiko kile kile cha ubora,
na punje yangu ya simsim,
safari hii upande wa kulia.

Sasa Ezaru, aliyejifunza kwangu, ana fedha yake
na macho yake yako kwenye rangi.
Jumamosi nikampeleka karakana ya zamani ya misheni
wanakouza vyuma kwa kilo.
Kerezo limekaa pembeni, chuma cha kusubu,
zito kama deni la ukoo,
bila rangi, bila jina, kuku ametaga kwenye trei.
Ezaru akanitazama kama niliyemtukana.

Nikamwambia, nipe mia tano.
Nikaisimamisha sarafu kwa ukingo wake juu ya kichwa cha mashine,
nikawasha.
Mkanda ukalia, una nyufa.
Beringi ikanguruma kama mzee anayeamshwa kuswali.
Sarafu ikatikisika, ikafikiri,
ikasimama.
Yule ndege mwenye taji hakuinamisha shingo.

Tukasogeza mkia. Ncha kwa ncha,
hata ukucha wangu haukupata pa kuingia.

"Lakini inanguruma," alisema Ezaru.
Ndiyo. Na beringi inauzwa pale kwa Mhindi,
mkanda unauzwa hata sokoni juu ya turubai.
Kitanda kilichopinda kiwandani
niambie duka lake ni lipi.
Nimelitafuta miaka miwili.

Alilipa. Sarafu alisahau pale juu,
nikaichukua mimi, kama ada.

Yangu ya kijani bado ipo.
Nimekata kopo la soda, vipande viwili,
nimevisukuma chini ya mkia,
na kila asubuhi navipapasa kabla ya chai.
Msaji siipi. Mvule siuthubutu.
Naitumia kukereza michi ya kutwangia karanga,
maana mchi haujali kiuno chake kiko wapi.

Mama akija huketi kwenye rundo la maranda
na kuuliza mbuzi wake wanaendeleaje.
Namwambia wanatetemeka kidogo, mama,
lakini wanakula.